Sifuri ya Ndumbalo

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kukipiga kofi kile kipimo. Nina shahada mbili za fizikia, na ya pili niliipata nikitetemeka kwenye baridi ya nchi za watu, lakini chombo kikinikatalia kazi nakipiga kofi kama mtu anavyopiga redio.

Tulikuwa kwenye uwanja wa ndege, bondeni, tukisubiri waandishi wa redio waliokuwa wakija kutangaza zoezi letu la kuwafungia watu siku saba kwenye handaki la kinga. Kamanda alitaka wakitua tu wapimwe mionzi, wao na mabegi yao, ili waone Ndumbalo hatufanyi mchezo. Nikakiwasha kipimo mapema. Mshale, badala ya kutulia kwenye sifuri, ukalala kushoto, nyuma ya sifuri, mahali ambapo mtengenezaji hakuweka hata mstari.

"Yusto, hebu nipe kingine."

Yusto Mbilinyi, fundi wa vyombo wa idara yangu, akafungua kisanduku cha pili. Kipimo cha pili nacho kikalala kushoto. Cha tatu vilevile.

"Daktari, hapa mionzi ni pungufu ya hakuna," Yusto akasema huku akicheka. "Hata ile mtu aliyokuja nayo mwilini inamtoka. Tufungue hospitali."

Kwa kawaida utani wa Yusto haunipiti. Siku ile ulinipita. Nilikuwa nimegeuka kutazama tulikotoka, juu ya barabara nyekundu inayopanda katikati ya mashamba ya pareto, hadi kwenye Kilima cha Ndumbalo, ambako tumbo zima la mlima lilikuwa limechimbwa likawa mji.

Vipimo vyetu vilirekebishwa kila asubuhi kwenye meza moja, ndani ya chumba cha kwanza cha handaki, mkono wa kushoto ukiingia. Marehemu Profesa Anselmi, aliyeanzisha idara, ndiye aliyeiweka meza pale. Ukungu wa nyanda za juu huviingizia vyombo unyevunyevu na kuvichanganya, na kile chumba kilikuwa kikavu kama ghala la mahindi. Mafundi walipanga foleni kila mmoja na kipimo chake, wakakiweka mezani, wakazungusha kitufe mpaka mshale ukakaa kwenye sifuri, ndipo wakatoka kwenda kazini. Yusto aliiita ibada ya asubuhi. Tuliifanya miaka yote ile, na handaki lilipokwisha kuchimbwa tukalipima kwa vipimo hivyohivyo, tukapata sifuri kila pembe, tukapongezana.

Sifuri ile tulikuwa tumeikata kutoka kwenye mwamba wenyewe. Ni sawa na kujipima uzito umebeba gunia, ukasema huo ndio uzito wako, kisha siku ukitua gunia ukashangaa umekonda.

"Waandishi utawapokea wewe," nikamwambia Yusto. "Wapime, watabasamie, usiwaonyeshe mshale. Mimi napanda."

"Daktari, ndege hiyo inashuka."

"Ndiyo maana nakuachia wewe. Una sura nzuri."

Kabla sijaondoka nilizungusha kitufe cha kipimo changu pale kwenye nyasi, chini ya mbingu, mpaka mshale ukasimama kwenye sifuri. Nikakifunga kitufe kwa plasta kisisogee. Nikakipakata garini kama mtoto.

*

Kwenye mlango wa handaki mshale ulikuwa umeshaanza kutembea. Kwenye chumba cha meza yetu ulipita alama ya kijani. Kwenye mabweni ya familia, ambako vitanda vilitandikwa mablanketi mapya na kila kitanda kina jina la mtu, ulikaa kwenye manjano na haukushuka.

Hayo ni ya ukuta. Ukuta peke yake ningeweza kuuvumilia kwa siku saba. Kilichonifanya nikae kitako kwenye kitanda cha watu ni hewa.

Mwamba wenye urani, madini ya mionzi, kama huu wetu, hutoa gesi. Haina rangi, haina harufu, na mtu akiivuta huacha mapafuni vumbi dogo lisilotoka, linaloendelea kumchoma polepole kwa miaka. Mlango ukiwa wazi upepo huichukua. Sisi lakini tulikuwa na Pafu. Lile ndilo lilikuwa fahari ya Shirikisho zima: mtambo mkubwa kama kanisa dogo, ulioundwa na vijana wetu wenyewe, unaovuta hewa ya handaki, unaiondolea jasho na uchafu wa pumzi kwa chokaa na mkaa, na kuirudisha safi. Kwa Pafu, watu elfu nzima wangeweza kufungiwa siku saba bila tundu moja la kwenda nje. Hakuna wingu la atomu ambalo lingewafikia.

Ila gesi ya mwamba Pafu haliijui. Ingetoka ukutani saa zote, izungushwe, irudishwe, izidi.

Nilifunga chumba cha akiba kimoja, nikafungulia Pafu, nikaacha kipimo ndani. Kesho yake nilipofungua, mshale ulikuwa kwenye nyekundu. Nilirudia kwa chombo kingine, chumba kingine, maana sipendi kutisha watu kwa jambo la bahati mbaya. Nyekundu tena.

Zoezi lilikuwa limebakiza siku mbili. Na katika vile vitanda, kimoja karibu na zahanati, kilichofungwa utepe mweupe, kiliandikwa jina la mdogo wangu, Bonifasia Tawete. Alikuwa na mimba ya miezi tisa. Kamanda alimchagua kwa makusudi, kwa sababu alitaka redio itangaze mtoto wa kwanza wa Shirikisho kuzaliwa chini ya ardhi, salama, huku mataifa makubwa yakilipua mabomu yao huko juu.

*

Kamanda wa Kinga, Atanasi Kikoti, ni Mhehe. Mimi ni Mngoni. Kwa asiyejua, hiyo maana yake ni kwamba babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Tangu siku niliyoripoti kazini hatukuwahi kusalimiana kama watu wenye akili.

"Karibu, mkimbizi," akasema nilipoingia ofisini kwake. "Babu yangu alimfukuza babu yako mpaka mto, na wewe bado unahema."

"Babu yangu alikuwa anakimbilia chakula, mtani. Wako alikuwa anakimbia tu."

Akacheka, akanisogezea kiti. Kisha akaniangalia usoni na kicheko kikamtoka taratibu. Nikamweleza. Sikumficha chochote, wala sikuyapamba. Nikaweka vipimo viwili mezani kwake, kimoja cha sifuri ya ndani, kingine cha sifuri ya nje, na tukaingia navyo handakini pamoja. Kimoja kililala usingizi. Kingine kilipanda. Kikoti si mwanasayansi, lakini amekuwa askari, anajua kusoma uso wa chombo.

Tuliporudi alifunga mlango.

"Skola, nisikilize. Unaikumbuka mvua ya kijivu?"

Nani asiyeikumbuka? Ilinyesha kaskazini, kwa wafugaji, mwaka juzi. Wakubwa walijaribu bomu baharini mbali, upepo ukageuka. Ng'ombe walianza kunyonyoka manyoya, halafu watoto wakaanza kunyonyoka nywele. Wakubwa walituma salamu za masikitiko, mwezi uliofuata wakalipua jingine.

"Wale watu walikuwa na mapango," Kikoti akasema. "Walikuwa nayo palepale, karibu, na hawakuingia, kwa sababu walisikia mapango yana mashetani. Nimetumia miaka minne kuwafundisha watu wa hapa wasiogope shimo. Miaka minne! Nimecheza ngoma humo ndani, nimemwoza binti yangu humo ndani. Leo ukiwaambia handaki linaua, kesho wingu likija watakaa nje. Wangapi watakufa kwa mwamba wako? Wachache, tena baada ya miaka. Wangapi watakufa kwa wingu? Hesabu ni yako, wewe ndiye daktari."

Niseme ukweli, iliniuma, kwa sababu haikuwa hoja ya kijinga. Ningependa sana iwe ya kijinga.

"Ahirisha zoezi," nikasema. "Tutoboe bomba la juu, mlima upumue. Miezi mitatu tu."

"Mkutano wa Shirikisho unaketi wiki ijayo kuamua kama milima mingine ichimbwe. Tukiahirisha, hakuna mlima utakaochimbwa tena. Nchi nzima itabaki uchi."

"Na ukifaulu itachimbwa yote kama huu. Na watu wote watafungiwa na gesi."

Akasimama dirishani akiutazama ukungu unavyoshuka kwenye miti ya miwati. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kunitazama:

"Bonifasia nitamtoa. Tutasema daktari kamzuia. Hakuna atakayeuliza."

Ndivyo alivyonipa mkononi kile nilichokuwa nakitaka kuliko kitu chochote duniani. Sina la kumlaumu. Alinipa kwa moyo mweupe. Lakini nilijua nikikipokea nimeufunga mdomo wangu.

"Nitafikiria," nikasema.

*

Bonifasia alikuwa barazani akichambua maharage, tumbo likiwa limekaa mapajani kama mgeni aliyekataa kuondoka.

"Shikamoo, dada. Umekuja na sura ya msiba."

"Marahaba. Acha hayo maharage."

Nilimweleza habari ya Kamanda kwanza, kwamba anaweza kumtoa. Nilikuwa na matumaini ya kipumbavu kwamba ataruka kwa furaha na mimi nitapata kisingizio. Aliendelea kuchambua.

"Nitoke kwa nini?"

Ikabidi nimweleze na ya mwamba. Alisikiliza mpaka mwisho, akatupa kijiwe kimoja uani.

"Kitanda cha pembeni yangu ni cha Mama Luhwavu. Ana watoto wanne, wa mwisho bado ananyonya. Mimi nikitoka, yeye utamwambia?"

"Siwezi kumwambia yeye bila kuwaambia wote."

"Basi unanitoa mimi, yeye anaingia, na mimi nabaki hapa juu nikimwonyesha mwanangu mlima. 'Mwanangu, mwenzako yuko mle.'" Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Dada, mimi nitaingia. Kama hutaki niingie, fanya kazi yako."

Nilimkasirikia sana. Nilimwambia ana kiburi, nilimwambia amerithi kichwa cha baba, nilimwambia mengi. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Nilipomaliza akanipa ungo, nikachambua maharage yaliyobaki.

Pale kwenye ungo ndipo nilipopata la kufanya. Nikienda kwa waandishi kimyakimya, Kamanda atasema nimechanganyikiwa, na watu watamwamini, kwa sababu wanampenda. Nami nampenda. Nikipiga king'ora cha uongo kuvunja zoezi, kesho hakuna atakayeamini king'ora cha kweli. Ilinipasa niwaambie watu ukweli mbele ya Kamanda mwenyewe, mahali ambapo hawezi kuninyamazisha bila aibu. Na mahali hapo palikuwepo tangu zamani, babu zetu walituachia.

*

Siku yenyewe jua lilitoka vizuri. Bendi ya shule ilipiga, bendera zilipepea, watu walipanga mstari tangu mlango wa handaki mpaka kwenye mashamba ya pareto, wamevaa nguo za sikukuu, mikononi vikapu, migongoni watoto. Mtangazaji wa redio alisimama kando ya mlango na kipaza sauti, akieleza nchi nzima rangi za vilemba vya akina mama. Bonifasia alikuwa wa kwanza kwenye mstari, kiganja kiunoni. Hakunitazama.

Kikoti alimaliza hotuba, akanyoosha mkono kumkaribisha mdogo wangu ndani.

Nikapita mbele yao, nikalala chini. Kifudifudi hapana, chali, kukingama mlango wote, koti langu jeupe la maabara juu ya zege, mikono kifuani kama maiti.

Kisha bibi mmoja akapiga kigelegele, na umati wote ukapasuka kwa kicheko. Walijua. Kila mtu wa nyanda za juu anajua. Kwenye msiba, mtani akitaka, hulala mlangoni au hushuka hata kaburini, na maiti haiendi popote mpaka akombolewe. Huwezi kumkanyaga. Huwezi kumwita askari. Ukimkasirikia, wewe ndiye umekosa adabu.

"Na sasa," mtangazaji akasema, akihema kwa furaha, "mtani wa Kamanda amelala mlangoni! Ndugu wasikilizaji, anataka kukombolewa!"

Kikoti aliniinamia. Alikuwa ameelewa yote. Niliona kwenye mshipa wa shingo yake. Lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshafika.

"Mngoni," akasema kwa sauti ya watu wote, "umelewa ulanzi wetu asubuhi hii?"

"Ningelewa ningelala ndani. Hapa ni msibani, mtani, nimekuja kuzika. Nikomboe."

"Nakupa jogoo."

"Jogoo wa Kihehe ana mifupa mitupu."

Kicheko.

"Nakupa mbuzi. Nakupa na ulanzi wa kumshushia."

"Sitaki. Nataka sifuri."

Kicheko kikaendelea kidogo, kikapungua, watu wakaulizana. Nikainuka nikakaa, lakini sikutoka mlangoni.

"Hapo utani wangu umeishia," nikasema. "Sasa anaongea daktari wenu."

Walizidi kucheka. Hilo nilikuwa naliogopa: mtu akishaingia kwa mlango wa utani, watu hawaoni anapotokea. Mtangazaji naye alicheka. Kwa mara ya kwanza siku ile nikawaza kwamba nimeharibu kila kitu.

Nikaita, "Mama Luhwavu!"

Akajitokeza, mtoto mgongoni, uso bado una tabasamu.

"Mwaka ule wa baridi kali, nyumba ya jirani yako. Walikufa na nini?"

Tabasamu likaondoka. Likaondoka na kwa wengine, mstari mzima, kama upepo unavyopita kwenye ngano.

"Jiko la mkaa," akasema. "Waliliingiza ndani, wakafunga mlango na dirisha. Tulizika watano."

"Jiko lilikuwa baya?"

"Jiko lilikuwa la kawaida. Kosa ni kufunga."

"Basi mlima huu ni jiko la mkaa," nikasema. "Mwamba wake unatoa moshi usioonekana. Mlango ukiwa wazi, hauna neno. Tukifunga siku saba, tunawafungia nao. Vipimo vyetu havikuona, kwa sababu tulivirekebisha ndani ya moshi wenyewe, tukaita moshi sifuri. Kosa ni la idara yangu. Nataka Kamanda atengeneze sifuri hapa nje, kwa mkono wake, mbele yenu, kisha aingie nayo. Hiyo ndiyo fidia yangu. Nikishaipata natoka mlangoni."

Hakuna aliyecheka. Nikamnyooshea Kikoti kipimo.

Alikuwa na njia nyingi. Angeweza kutikisa kichwa tu kwa fundi wa redio, waya ukang'olewa, ikasemwa baadaye kwamba mitambo ilipata hitilafu. Alinitazama, akamtazama Bonifasia, akatazama mstari mrefu wa watu aliowafundisha wasiogope shimo. Nilidhani atanitukana, na ningekuwa nimestahili kidogo.

Akakipokea kipimo.

Alizungusha kitufe polepole, chini ya jua, mpaka mshale ukasimama. Akamwonyesha Mama Luhwavu. Akamwonyesha mtangazaji. Kisha akaniruka, maana mtani hakanyagwi, akaingia handakini peke yake. Tulisikia viatu vyake vikienda mbali, vikasimama, vikarudi.

Alipotoka alikishika kipaza sauti mwenyewe.

"Nilianza kwenye sifuri," akasema. "Kwenye kitanda cha Bonifasia Tawete mshale uko kwenye manjano, mlango ukiwa wazi. Daktari amenionyesha kwamba ukifungwa unakwenda kwenye nyekundu. Alinionyesha juzi. Leo hakuna atakayeingia." Akaugeukia mstari. "Niliyajua haya na bado niliwaita mje. Mtani wangu amenikomboa mimi, sijamkomboa yeye."

Mzee mmoja akauliza kwa nguvu kutoka nyuma: "Sasa wingu likija tuingie, tusiingie?"

Hilo ndilo swali ambalo Kikoti alilala nalo siku zote, na mimi na yeye tuligeuka kumtazama yule mzee.

"Mtaingia," nikasema. "Mtaingia mbio! Wingu ni baya kuliko mwamba. Tutafunga, wingu lipite, nami nitasimama na kipimo. Nikisema fungueni, tunafungua. Jiko la mkaa hamjalitupa kwa sababu ya msiba ule. Mmejifunza kulitumia."

Yule mzee akafikiri. "Na wewe utakuwa ndani au nje?"

"Ndani, na nyinyi."

"Haya," akasema, kana kwamba tumepatana bei ya kiazi. Akageuka kwenda nyumbani.

*

Mkutano wa Shirikisho ulitutukana sana. Kikoti alisimama mbele yao na kipimo kile, akawapa sifuri ya nje na sifuri ya ndani, akawaambia milima ichimbwe lakini kila mlima uwe na bomba la juu la kutolea gesi, na mwamba upimwe kabla ya jembe la kwanza. Walimpunguzia cheo. Baadaye walichimba kama alivyosema. Nasi tulitoboa mlima wetu, tukafunga feni juu yake, na meza ya marehemu Profesa tukaitoa nje. Vipimo sasa vinarekebishwa juu yake, kwenye jiwe moja bapa uwanjani, chini ya kibanda cha bati, na ukungu ukizidi tunasubiri. Watu wakipita asubuhi husimama kutazama. Yusto anasema ibada imepata waumini.

Bonifasia alijifungua nyumbani kwake, juu ya ardhi, binti mwenye sauti ya king'ora.

Wingu lilikuja wakati wa kuvuna pareto. Safari hii wakubwa walitupa habari mapema kidogo, labda kwa aibu. King'ora kikalia, na nikasimama mlangoni na kipimo changu. Hapa ndipo ingejulikana nani alisema kweli kati yangu na Kikoti wa siku ile ofisini. Barabara ilikuwa tupu. Kikoti, aliyekuwa sasa msimamizi wa mlango tu, alisimama upande wa pili.

Kisha wakatokea kwenye ukungu, wote, na vikapu na watoto. Hawakukimbia na hawakusukumana. Mbele alikuwa Bonifasia na binti yake mgongoni, nyuma yake Mama Luhwavu na watoto wanne. Mdogo wangu alifika mlangoni akasimama, akazuia mstari wote, akainamia kipimo mkononi mwangu kama anayekagua samaki sokoni.

"Sifuri ya wapi hii?"

"Ya nje."

"Ya lini?"

Hilo sikumfundisha. Hakuna aliyemfundisha. Wingu lilikuwa limeshaanza kuugusa upeo wa kaskazini, na sifuri iliyotengenezwa saa ile ingekuwa sifuri ya uongo kama ile ya kwanza. Kikoti alinitazama, na nikaona macho yake yamelowa.

"Ya jana," nikasema. "Kabla ya wingu, mbingu ikiwa safi."

Bonifasia akaitikia kwa kichwa, akamweka mtoto sawa mgongoni, akainama kidogo, akaingia. Na watu wakamfuata.